Glasi Niliyoinua

Jumamosi, Agosti 1996

Plastiki ni ya uji wa watoto. Ndivyo nilimjibu binti yangu Wanjiru, anayeuza pale kaunta, aliponiambia tutoe glasi zote tuweke vikombe vya plastiki, kwa sababu juzi mlevi alimpasua mwenzake shavu kwa glasi.

Baa yangu inajulikana Ruiru yote. Hakuna mtu atanifundisha kazi.

Leo rafiki yangu Njoroge, aliyemsikia, akasema mbele ya watu, "Mzee, kumbe msichana ndiye mwenye baa. Wewe ni askari wa mlango."

Wakacheka. Nikasimama.

Wanjiru akanishika mkono. "Baba, weka hiyo chini."

Ndio nikaona nimemwinulia Njoroge glasi, bia inaniingia kwa mkono wa koti. Njoroge ametoka bila kuniaga.

Jumatatu Wanjiru aende Thika, anunue hivyo vikombe. Changu kwanza.