Oveni Imewaka Matisi

Oveni imewaka, Nekesa. Imewaka, imeoka mkate, na mkate umeliwa. Na aliyeitengeneza ni mimi mama yako, niliyeishia darasa la saba.

Sasa nikusalimie, mwanangu. Hamjambo huko Mombasa? Mume wako Wafula na joto la huko wamezoeana?

Hii oveni unaijua vizuri. Marehemu baba yako aliileta mwaka aliostaafu, na majirani wote wa plot yetu wakaja kuiangalia. Unakumbuka alivyokuwa akifungua redio ukiwa mdogo? Kila skrubu aliyotoa aliichomeka kwenye kipande cha ugali baridi, kwa mpangilio, ili zisipotee. Siku moja ukaula ule ugali. Ukamtemea skrubu mkononi, moja baada ya nyingine, naye akasema, "Huyu ataolewa na fundi."

Na kweli ukaolewa na fundi wa stima kutoka Bungoma, watu wakaniambia nina bahati. Bahati gani, na kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe? Hata kutazamana hatutazamani.

Ndiyo maana ile Krismasi, oveni ilipokataa kuwaka, Wafula alikaa nje kwenye benchi, ameupa ukuta mgongo. Mimi nilikuwa ndani na bisibisi, wewe umesimama mlangoni ukimweleza unachokiona na kutubebea maneno.

"Mwambie mama aangalie huo waya, unagusa bati," akasema. "Asiwashe. Akiwasha atatuchoma."

Na wewe, kwa adabu zako, ukanigeukia ukasema, "Mama, anasema uko karibu kumaliza. Jaribu tu."

Nekesa, dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia mwenyewe, neno kwa neno. Lakini maneno ya mkwe siwezi kuyadaka hewani kama kuku anayedaka kumbikumbi. Nangoja niletewe. Na nikikataa ulichoniletea, si mume wako atajua hukufikisha alichokutuma? Nikasimama mbali, nikawasha.

Tap! Stima ikapotea, taa zikazimika plot nzima. Mama Simiyu akaita kutoka upande wa pili wa ua, "Mama Nekesa, umekula stima yetu tena? Ata na ya Krismasi?"

Ulicheka, halafu ukalia. Ukasema hii nyumba imenishinda, baba hayuko, niifunge nihamie Malakisi kwa kaka yako. Nikaokota bisibisi yangu. Mwishowe ukasema, "Siku mkate utatoka humo ndani, mama, sitataja tena kuhama." Ulidhani umesema kitu kisichowezekana.

Mlipoondoka nikaita fundi wa mjini. Akaigonga gonga ubavuni kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Mama, hizi za kisasa hazitengenezwi. Zinatupwa." Nikamwambia anywe chai aende zake.

Nikatoa plagi, nikaanza. Bana, waliotengeneza hivi vitu hawataki vifunguliwe. Nilitoa skrubu zote za nyuma, bati likakataa kutoka. Nikavuta, nikasukuma, nikaomba. Kumbe zingine wamezificha chini ya karatasi yenye jina la kampuni, kama mtu anayeficha sukari mgeni asiione. Kitabu chake cha maelezo nacho kina lugha nyingi, yetu haimo. Lakini ugali ninao. Nikazichomeka mle skrubu zote kwa mpangilio, na safari hii hakukuwa na wa kuzila.

Ule waya nikauona, unagusa bati vile vile Wafula alivyosema. Nikautenga. Halafu nikaona koili ya chini, ule waya wa kutoa joto, imekatika. Nikaitia kwenye kikapu, nikazunguka nayo Kitale yote. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ndefu, ikagoma kuingia. Nikarudi. Kijana wa duka akaniuliza, "Mama, fundi wako ni nani?" Nikamwambia unaongea naye.

Jana nikaitia ya pili, ikaingia, nikafunga, nikawasha. Stima haikupotea. Koili ikawa nyekundu taratibu, nami nikaketi sakafuni nikaiangalia. Hapo ndipo nilipomlilia baba yako, kidogo tu, kwa sababu unga ulikuwa umeshaumuka.

Mama Simiyu nimempelekea kipande. Alikila, kisha akaita kutoka upande wa pili wa ua, "Mama Nekesa, kingine kipo?"

Basi sihami, Nekesa. Nitakaa hapa tulipokaa na baba yako, na kitu kikiharibika nitakifungua. Kaka yako wa Malakisi nimemwita, aje ale mkate na akiondoe kule kwake kitanda alichoniandalia. Shangazi yako anayeishi kule Kwanza anakuja na maziwa. Wafula atakaa kwenye benchi lake, wewe utampelekea mkate wa kwanza, na umwambie hivi bila kupunguza wala kulainisha neno: mama alikusikia ile siku, na ulikuwa sawa.

Kwaheri, mwanangu, mbusu mjukuu wangu. Nawangoja nyote Jumatatu ya Pasaka.

Mama yako,
niko hapa hapa Matisi.