Anwani Moja kwa Kila Kompyuta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jemimah Nyakerario Machogu
Umri: Miaka 33
Kazi: Fundi wa kompyuta, soko la Mosocho
Makazi: Keumbu
Tarehe na saa ya kuandikisha: 27 Mei 2025, saa tano asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaeleza habari ya karatasi niliyoitengeneza mwenyewe, ambayo kwa sababu yake Ogada alipigwa hadi akafa. Nitasema polepole kwa kuwa afisa anaandika kwa mkono.

Mnamo Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, saa nane mchana, niliitwa na Bw. Bosire, meneja wa zahanati moja ya binafsi hapa Keumbu. Wiki hiyo laptopu moja ilikuwa imeibwa, akataka nne zilizobaki zijulikane kwa anwani zao za mtandao. Niliandika programu fupi ya kuiuliza kompyuta itaje njia zake zote za mtandao na anwani ya kila njia. Watu hudhani kompyuta ina anwani moja. Kuna njia ya waya, njia ya waifai, hata njia ya kompyuta kujisemesha yenyewe, na kila moja huja na mstari wake. Kompyuta ya kwanza ilitoa mistari saba.

Bw. Bosire alicheka. Akasema, "Madam, hii ni orodha ya harusi? Nipatie moja moja tu, tumalize."

Mimi ni Msabato. Ijumaa jua likitua kazi imekwisha, na nilikuwa sijapika wala kupiga pasi nguo za watoto za kanisa. Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni nilibadilisha programu ichukue mstari wa kwanza tu. Nilijua si sawa. Nilijiambia nitarudi Jumapili. Sikurudi, na ni uvivu tu, siwezi kusingizia kitu kingine.

Laptopu ya mwisho ilikuwa ya Ogada, karani wa kuandikisha wagonjwa. Haina tundu la waya, kwa hiyo ilikuwa imechomekwa adapta, kile kidude kidogo cha kuunganishia waya. Mstari wa kwanza ukawa wa adapta, si wa laptopu. Adapta pale ni moja, na kila mtu huiazima. Niliandika anwani yake mbele ya jina la Ogada, nikapiga muhuri wa duka langu. Ogada akaniambia, "Kimbia, madam, jua halikungoji."

Mnamo Jumanne tarehe 20 Mei, saa sita na dakika ishirini mchana, Bw. Bosire alinipigia simu. Alisema faili ya wagonjwa wanaomeza dawa za virusi vya UKIMWI, na majina yao, imetumwa kwenye kikundi cha simu cha soko. Rauta ya zahanati, kile kifaa cha kugawa mtandao, ilionyesha imetoka saa tano na dakika arobaini na mbili, kwa anwani iliyo mbele ya jina la Ogada. Akauliza, "Karatasi yako iko sawa?" Nilikuwa ninauza chaja. Nikasema, "Iko sawa." Mteja akaniomba chenji, nikampa.

Saa saba na nusu niliambiwa kwa simu kwamba watu wamemtoa Ogada nje ya zahanati. Wengine majina yao yalikuwa kwenye faili, wengine ya mama zao. Walisema mtu wa ziwani, asiye wa kabila letu, amekuja kuwaanika. Alifariki hospitalini Alhamisi tarehe 22, saa tatu asubuhi.

Jana tarehe 26 niliendesha programu ya kwanza, ile isiyokatwa, mbele ya mpelelezi. Nilichomeka adapta kwenye laptopu moja baada ya nyingine, na ile anwani ikahama nayo. Laptopu ya Ogada ilikuwa na mstari wa nne, wa waifai. Tuliitafuta anwani hiyo kwenye kumbukumbu za rauta, tukaikuta. Dakika ileile faili inatumwa, Ogada alikuwa kwenye waifai, bila adapta, anaingiza uzito wa mtoto wa kliniki. Aliyekuwa na adapta simjui. Ushahidi wa kumwokoa ulikuwa mistari miwili chini ya ule aliousoma Bw. Bosire kwenye rauta, lakini anwani hiyo haikuwa kwenye karatasi yangu.

Sijalia tangu Alhamisi. Ninakula, ninalala, ninafungua duka. Ninaona aibu kwamba sihisi zaidi ya hapo.

Jana jioni nilienda kwa mke wake, Syprose, nikamweleza yote haya. Alikuwa amekaa na wageni wa matanga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hizo zingine, kama ungeziandika siku hiyo, ingechukua muda gani?"

Nikamwambia dakika kumi.

Akasema, "Sawa, dada. Chai iko pale."

Ninayoyajua ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: J. N. Machogu

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Konstebo Bitutu, kwa Kiswahili, na kusomwa kwa sauti. Shahidi amekabidhi programu zote mbili katika flashi, na karatasi yenye muhuri. Ameambiwa saa saba kamili kwamba yuko huru kwenda nyumbani. Saa tisa na dakika kumi bado amekaa kwenye benchi la mapokezi.