Doa Jekundu Kwenye Gego la Winnie

Busunzu, Kibondo,
9 Desemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Herieth,

Bwana Yesu asifiwe. Hali yako huko Masasi ikoje? Mmefunga shule, au bado unasahihisha mitihani? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Maharage tumeshapanda, mvua imekubali.

Winnie mwanao anakua, miaka sita hiyo, na anasoma namba bila kusaidiwa. Ni juu yake nakuandikia. Kwenye simu nimejaribu mara mbili, nikashindwa.

Gego lake jipya lilitoka na alama nyeupe kama chaki. Haliumi, wala halina tundu. Lakini roho yangu haikutulia, Jumanne tukapanda gari mpaka Kasulu kwa daktari wa meno, Daktari Omary. Alimpiga eksirei, kisha akamwingizia mdomoni kamera ndogo kama kalamu, yenye mwanga wa buluu. Kwenye skrini meno yaling'aa kijani, ila pale penye chaki pakawa pekundu kama kaa la moto. Akasema jino limeanza kuoza kabla ya kutoboka.

Akauliza mtoto anakula nini. Nikajibu, "Pipi za shuleni tu, Daktari."

Winnie akadakia, "Na kitambaa cha asali je, Mama Mkubwa? Kile nanyonya nikilala!"

Daktari akacheka, "Shahidi huyo, mama." Mimi sikucheka.

Herieth, ni kweli. Ulipohamishiwa Masasi ukaniachia mtoto mpaka mpate nyumba, alikuwa anakulilia kila jioni. Nikachovya kitambaa kwenye asali, kama mama alivyotufanyia sisi, akanyamaza. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Asali yetu ya msituni naijua ni dawa, sikudhani itamla meno. Ila kudanganya mbele ya mtoto, hilo nilijua ni dhambi. Nimetubu kwa Mungu, sasa natubu kwako.

Kitambaa nimekichoma. Daktari amempaka dawa ya floridi, anasema likitunzwa huenda likapona bila kuzibwa. Tarehe 10 Machi atapiga picha nyingine, azilinganishe aone kama doa limetulia au linasonga.

Siku hizi analia tena akitaka kulala. Nambeba mgongoni hadi asinzie.

Mumeo, shemeji Longinus, msalimie sana. Mama yetu Philomena anakusalimu, yeye sijamwambia habari hizi. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ukiona huwezi kuniachia tena mtoto, njoo umchukue, sitakulaumu. Nakuomba tu univumilie mpaka hiyo picha ya pili.

Dada yako anayekupenda,
Theodosia