Tangawizi na Kitufe cha Alamin

Jumanne, 2 Septemba 2025

Sio ugonjwa mbaya! Naliandika hili kwanza, mengine yatafuata.

Daktari Jumwa wa Msambweni alinipitisha kamera puani hadi kooni, kisha akanigeuzia kioo cha mashine nijitazame. Miaka thelathini na minne ninaimba roki katika hoteli za Diani, na leo ndiyo mara ya kwanza kuonana na nyuzi zangu za sauti. Nilitarajia kitu cha fahari. Vijinyama viwili vyekundu tu, na kila kimoja kina kinundu katikati. Kama sugu ya kiganja cha mtu wa jembe. Daktari akasema ndiyo hasa, ni sugu. Ya kupiga kelele.

Nikamwambia si kelele, ni roki. Akaandika kelele.

Akauliza ninakunywa nini. Nikamtajia dawa yangu kwa madaha: tangawizi, ndimu, pilipili manga, asubuhi na jioni. Akaiandika pia, akaipigia mstari.

Amri: siku kumi na nne bila neno. Hata kunong'ona marufuku. Tarehe kumi na sita nirudi atazame. Vinundu vikipungua, nitaimba. Visipopungua ni kisu, Mombasa, na baada ya kisu hakuna anayeahidi kitu.

Kavata alilia kwa shukrani kwamba mumewe hana saratani. Alipomaliza kujifuta machozi akamwuliza daktari kama hizo siku kumi na nne haziwezi kuongezwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nina madaftari mawili. La kuongelea liko shingoni kwa uzi. Hili ni langu.

Shida kubwa si kunyamaza. Ni salamu! Hapa Ukunda huwezi kupiga hatua kumi bila shikamoo, na mzee asiyeitikia ataambiwa ana kiburi, au kapigwa na kitu. Nimeandika MARAHABA kwa herufi kubwa kwenye kipande cha katoni. Mtu akinisalimu ninaitoa mfukoni kama refa. Watoto wa jirani wamenisalimu leo mara tisa.

Alamin na Boga walikuja kuniangalia. Ndiyo bendi yote hiyo. Boga ni gitaa. Alamin ni kinanda, na ngoma pia zinatoka humo kinandani tangu mpiga ngoma wetu ahamie Malindi. Jumamosi kuna kazi hotelini, kwa hiyo wamepata wa kunishikia nafasi: Twaiba, binti wa Msambweni. Miaka ishirini na miwili. Walinieleza taratibu, kama watu wanaotaja msiba.

Nikaandika: NITAKUJA MAZOEZINI.

Wakatazamana. Nikadhani wanaogopa maoni yangu. Maoni yangu kuhusu waimbaji yanajulikana kuanzia Tiwi mpaka Shimoni. Hayajawahi kuombwa.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nitajaza kurasa.

Mazoezi ni asubuhi, stoo ya kakake Boga, katikati ya magunia ya saruji. Twaiba akaingia na buibui lake na chupa ya maji. "Shikamoo mjomba." Nikatoa katoni. Akacheka mpaka akaegemea gunia.

Mwimbaji, mimi simsikilizi kwanza. Ninamtazama. Mabega, shingo, kidevu. Mabega yakipanda, pumzi imekaa juu na haitafika mwisho wa mstari. Mshipa wa shingo ukitoka, huyo haimbi, anasukuma lori. Kidevu kikinyanyuka, anaitafuta nota darini. Wengi wa hoteli za hapa wana vyote vitatu, na wanafumba macho juu yake, wakidhani hiyo ndiyo hisia.

Twaiba hakuwa na hata kimoja. Alisimama kama mtu anayengoja chenji dukani. Sauti ikatoka, ikajaa stoo, yeye wala hakutikisika. Nikatafuta kasoro. Nikatafuta tena!

Kufika katikati ya wimbo akasimama. Akamwambia Alamin kwamba wimbo umeshuka mno, anazama. Alamin akasema ni huo huo, tunaupiga hivyo siku zote. Binti akainama kwenye kinanda.

"Kaka, hapa kwenye kioo pana alama ya kutoa, na tatu. Mbona mnaushusha?"

Boga akaanza kukaza uzi ambao haukuwa na haja ya kukazwa.

Kile kinanda kina kitufe. Ukikibonyeza mara moja, wimbo mzima unashuka ngazi moja, vidole vinapiga vile vile. Mwimbaji asiyetazama kioo hajui kitu. Na Boga, maskini, hana kitufe, kwa hiyo alikuwa akilegeza nyuzi za gitaa. Mimi mwenyewe nilimwambia mwaka jana nyuzi zako zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Akasema ni joto.

Nikaandika: TANGU LINI?

Alamin alijibu huku akiitazama sakafu. Ngazi ya kwanza mwaka wa 2019. Ya pili baada ya korona. Ya tatu mwaka jana. "Mzee, tulikustahi tu. Ulikuwa unaumia."

2019! Mwaka ule ule nilioigundua dawa yangu. Nilikunywa wiki moja na sauti ikarudi kama ya kijana. Nikamtangazia kila mtu. Nusu ya waimbaji wa Diani wanakunywa tangawizi yangu, tangawizi ya Mbithi. Nikageuka nikaitazama chupa ya Twaiba. Si maji. Rangi ninaijua.

Nilitaka kufoka. Sina cha kufokea. Nikajaribu kufoka kwa kalamu, lakini hasira ya kuandika haifiki mbali. Ukifika mwisho wa sentensi umeshaanza kusahihisha koma. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo wiki hii halionyeshi chochote.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani nilichezesha midomo. Kavata na kwaya yake wako sawa, isipokuwa sauti ya tatu ina mabega.

Nimekasirika bado. Tangawizi sijagusa.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi ya tatu naamka koo haliungui. Nilidhani kuungua ndiyo dawa inafanya kazi.

Sasa niandike na siri yangu, maana hapa hakuna anayesoma. Wimbo wetu wa mwisho una nota moja ya juu sana. Mimi ile nota sijaiimba tangu 2016. Ikikaribia, ninawaelekezea wageni maikrofoni na kupaza sauti, "Nyinyi sasa!" Wajerumani wananiimbia kwa furaha. Meneja anasema hakuna anayewachangamsha watu kama Mbithi. Kila Ijumaa, usiku wa kuamkia kazi, nilikesha kwa ajili ya nota ile. Nilihofia Alamin na Boga wangegundua.

Na wao kila Jumamosi wakihofia kwamba mimi nitagundua!

Nimecheka. Bila sauti, mabega tu. Kavata akauliza kama ninalia. Nikaandika HAPANA, akasoma, hakuamini, akanikorogea uji.

Ijumaa, 12 Septemba

Twaiba amekuja nyumbani. Mwezi huu wa maulidi anaitwa kila mahali kusoma kaswida, lakini amepita. Ana swali. Dawa yangu inamchoma tumbo, aendelee au apunguze?

Heshima yangu yote ya miaka sita iko ndani ya ile chupa.

ACHA, nikaandika. ILIKUWA NI KITUFE.

Akasoma. Akasema alishajua tangu Jumamosi, alitaka tu kuona nitajibu nini. Watoto wa siku hizi!

Nikamwuliza pumzi amefundishwa na nani. Bibi yake, alikuwa akimlaza mkekani na kumwekea kitabu tumboni. Kitabu kipande na kushuka, kifua kisitikisike. Mstari wote wa kaswida kwa pumzi moja. Ukikata katikati, rudi mwanzo. Alikuwa na miaka saba.

Alipoondoka nikalala mkekani na kitabu cha nyimbo za kanisa tumboni, mikono kifuani. Kavata akaingia. Ukelele alioutoa ulikuwa safi kabisa, kutoka chini, shingo laini. Sikuweza kumsifu. Alikuwa ameshafika kwa jirani.

Jumanne, 16 Septemba

Kamera tena. Vinundu vimepungua! Havijaisha, vimepungua. Hakuna kisu. Daktari anasema ndimu na pilipili zilikuwa zinapandisha asidi ya tumbo mpaka kooni. Niongee, kidogo. Niimbe leo wimbo mmoja, chini, pasipo kusukuma. Ikikwaruza, ninyamaze tena, nirudi atazame.

Kavata alingoja neno la kwanza tangu Msambweni hadi Ukunda. Sikulitoa. Niliogopa, nisiongope.

Sasa niko stoo. Ninaandika juu ya gunia, wote wananingoja. Boga anauliza kama ni wasia. Twaiba aliingia mwisho: "Shikamoo mjomba." Mkono ukaenda mfukoni kwenye katoni. Ukarudi mtupu.

"Marahaba."

Nzito. Kama sauti ya marehemu baba yangu. Lakini haikukwaruza! Boga alijipangusa jasho, machoni.

Alamin ameketi, kidole kiko juu ya kitufe, hakijagusa. Ananitazama. Haulizi kwa mdomo.

Nimemwonyesha vidole vinne.

Anabonyeza, moja, mbili, tatu, nne, waziwazi, kila mtu anahesabu. Boga analegeza nyuzi mbele ya watu na kupiga mluzi. Ile nota ya juu nimemwelekezea kalamu Twaiba. Ameitikia kwa kichwa.

Mabega chini. Kitabu tumboni. Boga anagonga mguu, moja, mbili —