Shuka za Kijani Zimerudi

Mama Yona,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuanza na wewe bila hiyo.

Shuka zako za kijani zimerudi chumba cha upasuaji. Zile zile nilizosema kikaoni kwamba zimepitwa na wakati, tununue za kutupa, nawe umekaa kiti cha nyuma, muuguzi uliyenifundisha hata kuvaa glavu.  Uongozi ukakuhamishia chumba cha kufulia, ukastaafia huko, na kabla mwaka haujaisha tukakuzika Chamwino. Sikuwahi kukuomba radhi. Kila wiki nilisema Jumapili nitakuja kwako.

Hizo za kutupa zilitutesa. Upasuaji mmoja, mifuko mitatu ya taka. Kichomea taka kiko nyuma ya wodi ya wazazi, na upepo wa Dodoma unaujua. Kina mama walikuwa wanafunga madirisha kwenye joto lote lile, moshi usiwafikie vichanga. Ndipo daktari mkuu akasema turudie nguo za kufua. Akauliza nani anajua kuzikagua, na wote wakanigeukia mimi.

Nilipofungua kabati nikaona viraka vyako, vile vya kubandika kwa pasi, nililia. Sina haja ya kuficha. Nikainua shuka moja moja dirishani, kabla ya kuzipeleka kwenye mtambo wa mvuke, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikakusikia kabisa: "Jua likipita hapa, na vijidudu vitapita." Wauguzi wapya walicheka chini chini. Sikuwakaripia, maana zamani mimi nilikucheka zaidi yao.

Nimekukumbuka, Mama. Nimekumbuka na zabibu za Makutupora ulizotuletea zimefungwa kwenye kitambaa cha kijani, kwa kuwa kwako shuka iliyozidi viraka ilistaafu upasuaji, haikustaafu kazi.

Kesho asubuhi tunaanza na mama wa kujifungua kwa upasuaji. Nakuahidi hakuna shuka itakayomfunika kabla haijapita dirishani, na hawa vijana watajua ni nani aliyetufundisha.

Moja imezidi viraka. Nimeifua. Jumapili hii nakuja Chamwino kweli, na zabibu nimezifunga humo, nikuambie kaburini nilichopaswa kukuambia mbele ya kikao: ulikuwa sahihi, nami nilikukosea.

Pumzika, Mama Yona.

Mwanafunzi wako,
Neema