Uliponiuliza Nilikuwa Wapi

Baba Moraa,

Wameipaka vanishi obokano yako, kinubi kizima.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonisukuma kushika kalamu, na kwa sababu najua ungecheka kabla ya kukasirika. Moraa alikuja kukaa nami, akaikuta palepale ulipoiacha, juu ya meko jikoni, nyeusi kwa masizi. Akaona aibu. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa Mosocho, ikarudi inang'aa kama meza ya sebuleni, nyuzi zote nane za plastiki, zile za kuvulia samaki. Akaitundika ukutani mkabala na kiti changu. "Mama, sasa kila ukiinua macho utamwona Baba."

Nilimshukuru. Alifanya kwa mapenzi. Hakujua kwamba moshi ndio uliokuwa ukiikaza ile ngozi katika unyevu wetu huu wa milimani, wala kwamba bila kano za ng'ombe ulizokuwa ukizisokota kwa mikono yako, kinubi kile ni pambo tu.

Mengine yamebadilika bila kishindo. Sehemu ya chini, karibu na mto, tumeng'oa chai tukapanda parachichi. Mbwa wako alikufa, tukapata mwingine, mvivu. Mimi sifiki tena kanisani kwa miguu. Sabato huja mama wawili kuniimbia, wa kwanza ana sauti na wa pili ana imani. Moyo wangu umechoka. Daktari alimweleza Moraa kando, kwa sauti ya chini, akidhani masikio yangu nayo yamechoka.

Kwa hiyo nakuandikia hili ningali naweza.

Unakumbuka tulivyobishana. Tulikuwa walimu katika shule moja, wewe wa muziki, mimi wa fasihi, na ubishi wetu ulianzia chumba cha walimu ukatufuata hadi nyumbani. Ulisema kuna mahali mtu hufika akipiga. Ulisema hapo mikono si yako tena, jina lako hulijui, na ukianza tu kujisikiliza, umesharudi. Mimi nikakwambia hayo ni mazoezi, Baba Moraa. Mtu akirudia jambo sana, mwili hulifanya bila kuuliza. Ukaniita mpasuaji wa vyura.

Nami darasani nilikuwa nikiandika ubaoni kwa chaki: sanaa humvusha mtu nje ya nafsi yake. Wanafunzi walinakili. Siku moja msichana mmoja wa nyuma aliniuliza, "Mwalimu, wewe umewahi kuvuka?" Darasa zima likacheka. Nikamwambia aandike.

Ulikuwa ukiniuliza hivyohivyo. Hukuuliza kwa kejeli. Wazee wa kanisa walikuwa wamekuonya kwamba obokano ni ala ya vilabu vya pombe, nawe ukaipiga nyumbani na shuleni tu. Sabato ukaifunika shuka kama mgonjwa. Hukuwa na wa kumweleza unakokwenda. Ulikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na majibu ya vitabuni.

Sasa nisikilize.

Ile alasiri ya mvua ya mawe. Si zile nyingine, ile iliyoivua chai majani yote hadi vichaka vikabaki vijiti. Nilikuwa mezani na rundo la insha, maziwa yakiwa motoni. Bati lilikuwa likipigwa mpaka hatusikiani. Ulisimama mlangoni ukitazama mavuno yetu yakichanika. Ulikwenda jikoni ukaitwaa obokano, ukarudi nayo, ukakikalia kile kigoda chako kifupi, ukaanza kupiga. Nilidhani unashindana na mvua. Baadaye nikasikia umeiacha itangulie, nawe unaifuata kwa chini, kwa ule mvumo mzito unaopita sakafuni na kupanda kwa nyayo.

Kilichofuata sijui nikiite nini, na nilifundisha maneno maisha yangu yote. Sikuona maono. Sikusikia sauti. Ila hapakuwa na mimi. Palikuwa na mvua, na mvumo, na chai iliyochanika ambayo haikuwa hasara ya mtu yeyote, na yote hayo yalikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyekuwa akiyatazama. Hofu ya ada ya Moraa haikuwapo. Mtoto wetu tuliyemzika kabla hajatembea hakuwa mbali. Siwezi kuendelea hapo. Hakuwa mbali, basi.

Niliporejea, mawe yalikuwa yamekoma. Maziwa yalikuwa yamefurika na kuuzima moto. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imelala juu ya insha ya mtu na kuacha doa kubwa kama jani. Ulikuwa unanitazama.

"Ulikuwa wapi, Mwalimu?"

Nikasema, "Nilikuwa nasahihisha."

Ukatikisa kichwa ukacheka, ukaenda kuwasha moto upya. Nami nikakuacha uende. Sikukuficha kwa kiburi tu, ingawa kiburi kilikuwapo. Niliogopa kwamba nikilitamka litageuka somo, nitaliandika ubaoni, na wasichana watalinakili. Nikalinyamazia hadi ukafa, ukidhani ulikwenda peke yako.

Hukwenda peke yako. Hilo ndilo nililotaka kukiri. Nilikuwapo.

Tangu hapo nimepatafuta, na zaidi tangu ulipoondoka. Siku ya mazishi yako kwaya iliimba vizuri sana, lakini aliyejua kuipiga obokano alikuwa ndiye aliyelala ndani ya jeneza. Wimbo mmoja wa Sabato uliwahi kunifikisha karibu. Ukurasa mmoja wa riwaya nao, usomaji wa tatu. Na asubuhi moja ukungu ulipokuwa ukiinuka kutoka upande wa Itumbe na wachumaji wakionekana vichwa tu, kana kwamba wanaelea. Karibu. Kisha nikajisikia nikisema moyoni, sasa ndiyo hii, na ikawa imekwisha. Ulisema kweli kuhusu kujisikiliza.

Juma lililopita mvua ya mawe ilikuja tena. Moraa alikuwa akikimbia na ndoo huku na huku. Mimi nilikuwa kitini, na katikati ya kelele nikasikia kitu ukutani. Obokano ilikuwa ikivuma. Hakuna aliyeigusa, bati lilikuwa likitetemeka, na nyuzi zile za plastiki zikaitikia. Niliinuka kwa kushikilia meza, nikaweka kiganja juu ya ngozi. Ilikuwa hai.

Haikuwa sauti yako. Nilingoja nichukuliwe, nami sikuchukuliwa. Nilibaki pale na miguu yangu ya baridi, nikikutamani kama msichana.

Moraa akanikuta nimesimama hivyo. "Mama, uko wapi? Nakuita hunisikii."

Nikamwambia. Nilimweleza yote, ile alasiri, maziwa, doa jekundu, hata yule mdogo wake. Alikaa chini na ndoo mapajani mpaka mvua ilipokoma.

Kesho yake alishuka sokoni Daraja Mbili kutafuta kano za ng'ombe. Mwenye bucha akamuuliza hiyo ni supu ya aina gani. Akamjibu ni supu ya mamake, na haiivi haraka. Amezileta, tumezianika, na jioni anazisokota huku nikimwelekeza kwa yale niliyoyaona mikononi mwako bila kujua nilikuwa nayatazama. Anazisokota vibaya. Anarudia. Obokano imerudi jikoni, na vanishi imeanza kufifia kwa moshi.

Sijui kama kufa kunafanana na ile alasiri. Mchungaji ana jibu lake, nami sibishani naye. Ila kama kunafanana nayo, siogopi, kwa kuwa njia nimeshaipita mara moja, nikikufuata.

Lala vyema, mume wangu. Nakuahidi kano hizi zitafungwa kabla sijaondoka, hata kama hakuna wa kuzipiga. Na siku nitakapofika, usinisalimie kwanza. Niulize lile swali lako.

Sitakuwa na insha mkononi.

Mama Moraa