Mama Dympna Loughran, na Ubeti Uliomkera

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokulaza kando ya Mjomba Fergal, na hasira zetu bado hazijapoa.

Ulipika shuleni mpaka ulipostaafu. Mtoto aliyetoka kwao na njaa ulimjua kwa kumtazama tu, ukamwongezea viazi huku ukimfokea nywele zake chafu, ili wenzake wasijue unamhurumia. Nyumbani ulikuwa mkali kwa chai iliyopoa na mpole kwa mengine yote.

Ila kwa wimbo ule, hapana. Kaunti yetu yote ya Tyrone inauimba: Fergal kapigwa risasi na askari wa Uingereza, kafa akitabasamu, akiitaja Ireland. Wewe ndiye uliyempakata pale barabarani. Alikuwa analia, anakuomba usimwache. Basi kila walipoufikia ubeti ule baani, ulisimama.

"Nyamazeni! Mlikuwepo nyinyi? Mdogo wangu alilia. Mbona mnamwonea haya?"

Colm Gormley, mwimbaji wao, akainamia bia yake na kuuruka ubeti.

Siku ya maziko yako akapata nafasi. Jeneza linashuka, yeye kafumba macho, kaanza, na ubeti ule kaurudia mara mbili. Kwetu wimbo ukishaanza kaburini haukatizwi. Alijua, mshenzi yule! Tukabaki tumesimama kama magogo, Baba machozi yanamtoka, nawe huna tena wa kukusemea. Iliuma sana.

Juzi kaja mlangoni. Eti Jumapili, baada ya misa yako ya mwaka, atauimba tena kaburini kwako, na amekutungia ubeti wako: dada shujaa asiyetoa chozi.

"Mzee Colm," binti yako Una akamwambia, "Mama alimlilia mdogo wake mpaka mwenyewe anaingia kaburini. Koma!"

"Ni heshima, binti yangu."

"Heshima hiyo peleka kwenu."

Akaondoka anacheka. Atakuja tu, tunamjua.

Sasa sikia, Mama, naye Colm asome hapa gazetini. Jumapili Una ataanza yeye, padri akiwa bado hajafunga kitabu. Katunga beti zake: Fergal analia, umempakata, humwachi. Ni ndefu, na sauti ya Una unaijua. Mila ni ile ile, Mzee Colm. Utasimama hapo hapo na kofia yako mkononi, usikilize mpaka mwisho.

Unakumbukwa na mumeo Eunan, wanao Una na Cathal, wajukuu zako, na dada yako Philomena, ambaye anaomba radhi kwa lugha yetu. Sisi wengine hatuombi.

Hutatutoka moyoni kamwe, Mama.